Muhuri Juu ya Kabureta

Mume wangu aliitwa mwizi wa petroli mbele ya kijiji kizima, na petroli yenyewe ilikuwa inatokea kwenye bomba la moshi, nyeusi tii, watu wakiiona na kuinusa. Miaka imekwenda, na bado jambo hili likinijia nikiwa napepeta mchele hunilazimu kuweka ungo chini kwanza. Watu huniambia, mama, yamekwisha hayo. Yamekwisha kwao. Mimi nayaandika kwa sababu tuliokuwepo tumebaki wachache, na baadhi yetu tumeanza kuyasimulia vibaya.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mikumi ukitokea Kilosa, kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi ya shamba la serikali. Tulihamia pale na mabati yetu, kuku wetu na vinu vyetu, wengine kwa kupenda na wengine kwa kusukumwa, na tulipokwisha kuhamia wilaya ikatupa gari. Lilikuwa pikapu kuukuu iliyobaki kwenye shamba la mkonge baada ya wenyewe kuondoka. Rangi ilikuwa imebabuka na mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba, lakini injini ilikuwa nzima, na mume wangu ndiye aliyekuwa akiliendesha tangu enzi za shamba. Wakamfanya dereva wa kijiji. Hakuwa fundi wa kusomea. Alijua kusafisha plagi, kusawazisha platini, vile vidude vinavyopanga cheche za plagi, na kupuliza kabureta kwa mdomo, na asipojua la kufanya alikaa chini ya mwembe wetu mdogo akalitazama gari mpaka chai yake ikapoa.

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mstaafu wa reli. Ujana wake aliumaliza stesheni ya Kilosa, kwenye mabehewa ya mizigo, na kule alijifunza jambo moja ambalo hakuliacha maisha yake yote: kitu ukikifunga waya, na ncha za waya ukazibana kwa kidonge cha risasi chenye alama, hakuna mkono utakaokigusa usijulikane. Alistaafu na koleo lake la kubania mihuri. Ghala la kijiji lilikuwa na kufuli na muhuri. Kabati la zahanati lilikuwa na kufuli na muhuri. Tuliposikia kijiji cha jirani kimeibiwa vifaa vya pampu, kamati ikaamua boneti ya gari nayo itiwe kufuli, ufunguo ukae kwa viongozi, na kifaa chochote cha injini kifunguliwe kwa ruhusa ya kamati, na kamati iwepo ikitazama. Sikatai, wezi walikuwepo. Lakini mfikirie dereva ambaye akitaka kupima oili inabidi kwanza aitafute kamati mashambani.

Kisha akaja mgeni kutoka wilayani. Siku hiyo mume wangu alikuwa kitandani na malaria, kwa hiyo nilikwenda mkutanoni peke yangu, nikakaa nyuma na wanawake wenzangu. Meza ya mgeni ilitandikwa kitambaa kizito cha kijani kilichonunuliwa kwa ajili ya siku ile. Mgeni alisema mengi mazuri. Katika hayo alisema mali ya umma inakufa kwa kukosa matunzo, na kwamba adui mkubwa wa magari katika nchi yetu ni vumbi. Tulipiga makofi, maana vumbi tunalijua. Alipoondoka, katibu wa kijiji akaita kamati kwenye gari. Katibu alikuwa kijana mwepesi, aliyependa maneno ya mgeni yatekelezwe kabla mgeni hajafika kwake. Nilipita njia nikawaona wameinamia injini, mzee yuko na koleo lake. Sikusimama, nilikuwa nawahi kumpikia mgonjwa uji.

Pembeni ya kabureta ya gari lile lilikuwapo kopo kubwa la bati jeusi, na ndani yake chujio. Hewa huingia humo, huacha vumbi lake, ndipo hupita kwenye bomba la mpira kwenda kwenye kabureta kuchanganyika na petroli. Mume wangu alipopata nguvu za kurudi kazini alikuta kopo lile na bomba lake vimezungushiwa waya na kupigwa mihuri. Aliuliza. Katibu akamjibu kwamba wameilinda injini na vumbi kama mgeni alivyoagiza, na kwamba tangu siku hiyo kopo lile halifunguliwi na mtu yeyote. Mume wangu alidhani wamelifunga tu, kwa tabia ile ile ya mzee ya kufunga kila kitu. Hakuna aliyemwambia kuna kitu wametia ndani. Nalisema hili waziwazi, maana baadaye walitokea watu wakadai alijua.

Mwanzoni gari lilikwenda. Kisha, kidogo kidogo, likaanza kukohoa. Likisimama huku injini inawaka lilitetemeka mpaka vioo vikalia. Kwenye mwinuko liliishiwa nguvu likajikokota, na nyuma yake likatoa moshi mweusi uliochafua kanga zetu kwenye kamba. Majirani walikuja kunilalamikia mimi, kana kwamba moshi ule nautoa mimi. Na lilikunywa petroli, jamani, lilikunywa. Pipa lililokuwa likitosha safari nyingi likawa linakauka upesi hata mtunza ghala akawa analichungulia kwa tochi mchana kweupe.

Mume wangu akaomba ruhusa ya kulitazama, na kamati ikakaa. Nataka hili lieleweke, kwa sababu wanangu nikiwasimulia hudhani natia chumvi. Watu wazima walikaa kwenye mabenchi wakaijadili injini kama wanavyojadili mipaka ya mashamba. Kila mmoja alitoa hoja yake, mikono ikanyooshwa, na hoja ya plagi ikashinda. Basi siku ile akaruhusiwa plagi. Alizitoa zote zimejaa masizi makavu kama chungu cha kuni, akazisugua kwa brashi ya waya, akazirudisha. Gari likatulia kutoka ofisini mpaka mtoni, kisha likarudia kukohoa. Aliwaambia kwamba masizi yale yanaonyesha petroli imezidi hewa, haiungui vizuri. Wakasema wamesikia, watalijadili.

Kikao kilichofuata ikashinda hoja ya platini. Akazisawazisha, hakuna kilichobadilika. Baadaye mjumbe mmoja akasema petroli ina maji, akaungwa mkono na wengi kwa kuwa mvua zilikuwa zimenyesha, na mume wangu akaagizwa amwage petroli kwenye bilauri waitazame. Nilikuwepo. Waliinamia bilauri ile kwa zamu, kila mmoja akaiinua kwenye mwanga, na hapakuwa na tone la maji. Nilitaka kucheka lakini nilimwona mume wangu hacheki.

Ilipofika zamu ya kabureta, yeye mwenyewe alikosea. Kikombe cha chini cha kabureta ile kilifunguka bila kugusa kopo lenye muhuri, kwa hiyo wakamruhusu. Akakuta boya, kile kidude kinachoelea na kuzuia petroli isijae, akaona limekaa juu kupita kiasi. Akalishusha kidogo, akapuliza jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, akafunga. Gari likaonekana limepona. Alirudi nyumbani anapiga mluzi, akaniambia tatizo lilikuwa boya, akala ugali mara mbili ya kawaida yake. Kabla ya wiki kwisha moshi ulirudi, mweusi kuliko mwanzo, na mluzi ukakoma.

Ndipo akafikiria choki. Kama kile kibati cha choki kimekwama kwenye koo la kabureta, hewa haipiti, na gari litafanya vile vile linavyofanya. Lakini kukiona kibati hicho ilibidi avue bomba la mpira, na bomba lilikuwa ndani ya waya wa mzee. Akaenda kuomba. Aliporudi nilimwona usoni kabla hajasema. Mwenyekiti alikuwa amemuuliza kwa nini, katika injini nzima, anataka kufungua kile kitu kimoja ambacho kamati imekifunga.

Swali lile ndilo lililomponza. Kuanzia siku hiyo watu wakaacha kuuliza gari lina nini, wakaanza kuuliza dereva ana nini. Petroli inapungua, mwenye usukani ni mmoja, basi. Likazuka neno kwamba anaivuta kwa mpira na kuiuza Kidodi kwa madereva wa malori ya miwa. Malori ya miwa yalikuwa ya dizeli. Mtoto yeyote wa Kidodi angewaambia. Lakini neno likishatoka kwenye mabenchi yale halikurudi, na wanangu wakaanza kurudi kutoka shule kimya, wanatupa daftari na kwenda kukaa nyuma ya nyumba.

Wakampa mgambo wa kumlinda. Mgambo alikaa mbele, bunduki ya mti mapajani, kila safari, hata dereva akienda kujisaidia alifuatana naye. Petroli ikaendelea kupungua. Sasa mtu mwenye akili zake angesema, kumbe huyu haibi. Wao walisema mgambo ameshirikishwa, wakambadilisha. Yule wa pili naye akawekwa, petroli ikapungua vile vile. Mwishowe kamati ikapitisha azimio kwamba dereva anahujumu uchumi wa kijiji, azimio likapelekwa kata, na ikapangwa siku ya mkutano mkuu ambapo wanakijiji wangethibitisha. Likithibitishwa, angeondolewa kwenye gari na kukabidhiwa kituo cha polisi Kilosa. Sisi tulijua watu waliokwenda Kilosa kwa neno hujuma. Wengine walirudi baada ya muda mrefu sana, na hawakurudi walivyokuwa.

Siku moja kabla ya mkutano gari lilitakiwa kwenda Mikumi kuchukua petroli. Safari hii katibu alipanda mwenyewe, ufunguo wa boneti mfukoni. Mimi nikaomba nafasi nyuma, nikasema namfuata shangazi yangu Mikumi. Shangazi ninaye kweli, lakini sikuwa namfuata yeye. Nilikuwa nimechoka kusimuliwa. Nilitaka kumwona mume wangu akiiba kwa macho yangu mwenyewe.

Tulikwenda mwendo wa mgonjwa. Nilikaa juu ya pipa tupu, moshi unanipitia, nikishuka kwenye kila mwinuko mgumu ili gari lipunguziwe mzigo. Karibu na Mikumi, mahali ambapo nyani hukaa barabarani wakisubiri magari ya mahindi, lilipiga kikohozi kikubwa likazimika. Mume wangu alishuka, akamwomba katibu ufunguo kwa adabu zote, akatoa plagi, akazisugua. Likawaka, likatetemeka, likazimika. Akatoa tena. Jua lilikuwa utosini. Akafungua kikombe cha kabureta, akatazama boya lake, akafunga. Halafu akasimama akafuta mikono kwenye suruali. Alimwambia katibu kwamba amekwisha kufungua kila kitu alichoruhusiwa kufungua, limebaki kopo. Katibu akasema kopo halifunguliwi. Mume wangu akakubali, akarudi kukaa ukingoni mwa barabara.

Alikubali. Hapo ndipo hasira ilipopanda, na nusu yake ilikuwa juu ya mume wangu mwenyewe. Kesho yake walikuwa wanataka kumpeleka Kilosa akiwa amefungwa mikono, na leo amekaa kwenye nyasi anaheshimu kipande cha waya. Mimi sikujua kabureta na sikujua choki. Nilijua kuhesabu tu: kila kitu kimefunguliwa isipokuwa hicho. Plaizi ilikuwa juu ya tairi. Nikaichukua.

Katibu alipoona ninakokwenda akainuka. "Mama, ukikata hiyo, kesho mumeo hana la kujitetea."

"Nimekata mimi," nikamwambia, na waya ukakatika. "Mnitaje mimi."

Kopo lilifunguka kwa kuvutwa sana. Juu ya chujio, limekunjwa na kukunjwa tena na kushindiliwa kwa nguvu, lilikuwapo bonge la kitambaa. Oili ilikuwa imekilowesha, na vumbi la safari zote zile limeganda juu yake mpaka kimekuwa tope. Nilikivuta kwa mikono miwili. Kilipokunjuka nikaona kwenye kona, pale ambapo tope halikufika, rangi ya kijani. Kilikuwa kitambaa cha meza ya mgeni. Gari letu lilikuwa linavuta hewa kupitia kitambaa cha meza kilichokunjwa, na kilivyozidi kushika vumbi ndivyo lilivyozidi kukosa pumzi, na lilipokosa hewa likawa linavuta petroli tupu na kuitema nyuma kuwa moshi.

Nilimtazama katibu na sikuwa na haja ya kumuuliza. Alisema kwa sauti ndogo kwamba walikusudia kuchuja vumbi zaidi, kwamba chujio la zamani walilidhania halitoshi. Mume wangu alifunga kopo bila kitambaa, akasugua plagi mara moja zaidi, akarudisha boya mahali lilipokuwa zamani, akawasha. Injini ikawaka na kutulia. Hatukusikia kikohozi wala hatukuona moshi. Mume wangu alisimama mbele ya boneti wazi akaisikiliza kwa muda mrefu, kisha akaenda nyuma ya gari nikajua anakwenda kufuta machozi, nikamwacha.

Tulifika Mikumi, tukajaza pipa, tukarudi na gari likipanda kila mwinuko kwa gia ya juu. Katibu aliikazia macho geji ya petroli njia nzima. Mshale karibu haukusogea. Nami kule nyuma, nimekalia pipa, kitambaa nimekifunga kwenye kanga, nilikuwa nimeshapanga jinsi watu watakavyosimama kesho kumwomba radhi, nani aanze na nani afuate. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Mkutano mkuu ulifanyika baada ya sala ya adhuhuri. Mume wangu alikiweka kitambaa mezani, tope lake likiwa limekauka, na hakuna asiyekitambua. Wanawake waliokifua siku moja kabla ya mgeni kuja walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Alieleza kwa heshima, bila kumtaja mtu, jinsi gari linavyohitaji hewa, na jinsi petroli ilivyokuwa ikipotea kwa moshi. Akaomba walipande walizungushe walisikie. Wengine walikwisha kulisikia asubuhi, na walitikisa vichwa kukubali.

Kisha akasimama katibu. Alisema kitambaa kiliwekwa kwa nia njema na kwa maagizo ya juu, na kwamba nia njema haihukumiwi. Alisema kweli gari limepona na kijiji kinafurahi. Hata hivyo, petroli imepotea, nyingi, na petroli ya kijiji haiwezi kupotea bila mtu wa kuwajibika. Mzee mmoja akauliza kama moshi si ndio petroli yenyewe. Akaambiwa moshi ni moshi. Kisha likaja lile lililokuwa kubwa kuliko yote: azimio lilikwishapelekwa kata. Kamati ikiandika leo kwamba ilikosea, kata itaelewaje? Itaelewa kwamba kijiji hiki hakina uongozi. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa kila neno, yule mzee wa mihuri, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo kule kwenye kambi ya reli Kilosa nilikokulia. Nami nilikuwa nimemwamkia shikamoo asubuhi ile ile akaitikia marahaba kwa upole.

Wakanong'onezana mezani. Halafu mwenyekiti akainuka. Alisema sisi ni ndugu, ujamaa ni undugu, na ndugu hamtupi ndugu yake. Kamati imeona azimio libaki kama lilivyo lakini adhabu iondolewe. "Ndugu dereva," akasema, "kijiji kimekusamehe. Utaendelea na gari. Sema neno moja kwa wenzako."

Watu wakapiga makofi. Nao walifurahi kweli, hilo ndilo linaloniuma. Walikuwa wanampenda, hawakutaka aende Kilosa, na waliona wametenda wema mkubwa. Mume wangu alisimama. Nilimkazia macho asiseme. Alitazama kitambaa, akatazama watoto wake waliosimama ukingoni na wanafunzi wenzao.

"Ahsanteni," akasema, akakaa.

Mimi sikusamehewa. Kwa kukata muhuri wa kijiji nilipewa kufyeka nyasi kuzunguka zahanati. Nilizifyeka zote na sikunung'unika, kwa sababu mimi angalau niliadhibiwa kwa jambo nililolifanya.

Nyumbani nilimnunia mume wangu. Nilimpikia, nikamwekea maji ya kuoga, na sikumpa neno. Alivumilia, kisha jioni moja akiwa anaosha mikono akaniambia kwamba kama angekataa msamaha ule wangemrudishia mashtaka, na kule Kilosa hakuna ambaye angemsikiliza habari za kitambaa. Aliuliza kama ningependa awe na haki akiwa ndani au awe na watoto wake akiwa nje. Nilimpa taulo la kujifutia. Nilijua kwamba sikumkasirikia yeye tena, na kwamba hasira yote imehamia kule inakostahili, kwa kamati.

Angesamehewa na kusahauliwa, pengine nami ningesahau. Hawakumwacha. Akija mgeni, mwenyekiti alimwita dereva wetu asimame, akamwonyesha: huyu aliteleza, kijiji kikamrudisha kwa upendo, na tazama sasa anavyotumika vizuri. Wageni walimpa mkono. Petroli ikawa inadumu, na hiyo nayo ikawa ushahidi kwamba zamani aliiba na sasa ameacha. Yeye alitabasamu akarudi garini. Aliendesha gari lile mpaka likafa lenyewe, vyuma vyake vikauzwa, na baadaye akawa mkulima kama sisi wengine, na hata kwenye vijiwe vya kahawa waliendelea kumtania, bila ubaya wowote, kila ikitajwa petroli.

Alifariki nyumbani, kwa maradhi ya kifua, mimi nikimshika mkono. Asubuhi ya mazishi nilikuwa ndani chumbani na wanawake, nimeshaanza eda, kanga nyeupe kichwani, dirisha limefunguliwa kwa ajili ya joto. Jeneza lilikuwa uani. Kama ilivyo desturi, kabla ya kuinuliwa, shemeji yangu alisimama kwa niaba ya familia akasema kwamba kama kuna aliyekosewa na marehemu anaombwa amsamehe, ili aende kwa amani. Kwa kawaida watu huitikia kwa pamoja na kuendelea. Lakini yule katibu wa zamani alikuwa amesimama karibu na jeneza, mzee sasa, mwenye kofia safi na fimbo, mtu wa kuheshimiwa. Akasafisha koo.

"Sisi wa kijiji," akasema, "lile la petroli tulikwishamsamehe siku nyingi."

Watu wakaitikia, alhamdulillahi. Najua mjane haongei na wanaume uani siku kama ile. Najua hata nani alinishika nguo. Niliinuka nikaenda dirishani, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyodhani ninayo.

"Hakuiba," nikasema. "Mlimkosea nyinyi. Na kwenu hakuna aliyekuja kuomba, kwa hiyo mimi sijawasamehe."

Shemeji akainamisha kichwa, na katibu akawa anatazama ncha ya fimbo yake. Kisha wakainua jeneza, wakatoka nalo. Dada yangu akalivuta dirisha kulifunga. Nikalifungua tena, nikasimama pale nikiwatazama migongo mpaka wa mwisho wao akapinda kona.